Kuhamisha Kompyuta za Chama Katika Mfumo Mpya

Wanachama wengi wametuuliza, wengine kwa barua na wengine kwa mdomo, sababu gani Kamati imeweka fedha za kompyuta katika makisio ya mwaka, na hali kompyuta zilizopo zawaka na zafanya kazi. Mzee wetu mmoja alitukumbusha kwamba mikarafuu yake ilipandwa na babu yake na mpaka leo yazaa, basi kompyuta ya juzi yazeeka vipi? Swali hili ni la haki, wala jawabu yake si ya kupewa mtu mlangoni akiwa na haraka zake. Kwa hivyo twataka kulieleza jambo lenyewe hapa tangu mwanzo, ili kila mwanachama, hata yule asiyepata kugusa kompyuta, ajue fedha zake zaenda wapi na kazi yenyewe itafanywa namna gani.

Kompyuta ina mwili, nayo ina msimamizi. Mwili ni hivyo vyuma, kioo na waya tunavyoviona. Msimamizi ni programu kubwa iitwayo mfumo wa uendeshaji, nayo ni kama nokoa wa mashamba ya zamani. Nokoa hachumi wala haaniki, lakini gunia halitoki shambani na mgeni haingii ila kwa ruhusa yake. Vivyo hivyo programu ya hisabu, programu ya kuandikia barua, na mashine ya kuchapia stakabadhi, zote hupita kwa msimamizi huyu. Katika afisi nyingi za visiwani na bara msimamizi huyu ni Windows, iliyotengenezwa na kampuni ya Microsoft ya Marekani.

Sasa, mfumo kama huu ni mamilioni ya mistari ya maandishi yaliyoandikwa na binadamu, na kazi ya binadamu haikosi matundu. Tundu likigunduliwa, kampuni hutengeneza kiraka na kukipeleka kwa njia ya intaneti, na kompyuta hujibandika yenyewe. Kazi hii haina mwisho, na kampuni haiifanyi milele kwa mfumo mmoja. Windows 10 ilitoka tarehe 29 Julai 2015, na ilitangazwa mapema kwamba viraka vyake vya bure vitakoma tarehe 14 Oktoba 2025. Siku hiyo ilifika ikapita, na hakuna kompyuta iliyozimika kwa ajili yake. Ndiyo maana watu hawakuona kitu. Lakini tangu siku ile, tundu jipya likionekana katika mfumo huo halizibwi ila kwa aliyejiandikisha katika mpango wa kurefusha muda. Tena lipo jambo baya zaidi: kila kiraka kinachotolewa kwa mfumo mpya huwaonyesha wezi mahali tundu lilipokuwa, na aghlabu tundu hilo hilo limo katika mfumo wa zamani pia.

Hiyo ndiyo tafauti na mkarafuu wa mzee wetu. Mkarafuu hauna mtu anayekesha usiku akitafuta njia ya kuufungua kutoka nchi ya mbali.

Ili tusiseme maneno matupu, na tutazame yaliyowafika Waingereza, watu wenye fedha na mafundi wengi kuliko sisi. Siku ya Ijumaa, tarehe 12 Mei 2017, virusi vya kompyuta vilivyoitwa WannaCry vilienea katika nchi zaidi ya 150. Virusi hivi havikungoja mtu afungue barua wala abonyeze kitu. Vilipita vyenyewe kutoka kompyuta moja hata nyingine kwa waya zinazoziunganisha, vikayafunga mafaili yote kwa maandishi ya siri, kisha vikaandika katika kioo kwamba mwenye mali alipe dola 300 apate kufunguliwa. Huko England mashirika ya hospitali za serikali ni 236, na katika hayo 80 yalipata taabu: 34 yalifungiwa kompyuta zake, na 46 yalivurugikiwa na kazi, mengine kwa kuwa yalizima kompyuta zenyewe kwa kuogopa. Afisi za madaktari 595 ziliambukizwa nazo. Ilikadiriwa kwamba miadi ya wagonjwa zaidi ya 19,000 ilivunjwa, na katika sehemu 5 wagonjwa wa dharura walilazimika kupelekwa hospitali za mbali zaidi. Ilikuwa bahati kwamba kijana mmoja wa Kiingereza, Marcus Hutchins, aligundua jioni ile ile namna ya kuvisimamisha. La sivyo msiba ungezidi.

Wanachama watadhani kwamba hospitali hizo zilishikwa usingizini. Hapana. Kiraka cha kuziba tundu lile kilikuwa kimetolewa tarehe 14 Machi 2017, karibu miezi miwili kabla. Kompyuta nyingi zilizoambukizwa zilikuwa za Windows 7, mfumo ambao wakati ule ulikuwa bado wapewa viraka, havikubandikwa tu. Tena mwaka 2014, mwaka ambao Windows XP iliachwa na kampuni, serikali iliyaandikia mashirika hayo barua kuyataka yawe na mpango madhubuti wa kuuhama mfumo ule kufikia Aprili 2015. Barua ilikwenda. Wakaguzi wa hisabu za serikali walipochunguza baadaye waliona kwamba Wizara haikuwa na njia rasmi ya kujua nani ametekeleza na nani hakutekeleza. Mpango wa kukabili shambulio ulikuwapo katika karatasi, lakini haukupata kujaribiwa huko mahospitalini. Siku ya msiba watu hawakujua nani aongoze, barua za kompyuta zilifungwa, wakawa waitana kwa simu zao wenyewe za mkononi na kuandika kwa kalamu.

Sisi twaona kwamba somo kubwa limo hapo, katika barua ile isiyofuatwa na daftari. Kuagiza "kompyuta zote zihamishwe" ni rahisi, na kila mtu huitikia. Lakini aliyeagiza hana orodha ya kompyuta zenyewe. Hajui ipi ina nini, ipi yategemewa na nani, wala ipi haiwezi kuhama. Kwa hivyo kazi ya kuhama, kama sisi tunavyoiona, si ile siku fundi anapokaa mbele ya kioo. Sehemu yake kubwa ni kuhisabu.

Basi daftari lianze, nalo liwe la karatasi. Kila kompyuta ipewe nambari yake na ukurasa wake, iwe ya afisi kuu au ya tawi, hata ile iliyo kabatini ambayo karani husema haitumiki. Kwanza iandikwe nani aitumia na kwa kazi gani. Kisha kilichomo ndani: je, ina daftari la michango, au la mikopo ya uchumaji, au la miche iliyogawiwa? Kisha vilivyofungwa nayo, kama mashine ya kuchapia stakabadhi, kwa maana mashine ya zamani pengine haitambuliwi na mfumo mpya mpaka ipatikane programu yake ya kuitambulisha, na pengine mtengenezaji wake hakuitoa tena. Mwisho iandikwe kama mwili wake wakubaliwa na Windows 11, ambayo ilitoka tarehe 5 Oktoba 2021.

Hapo penye kukubaliwa au kutokubaliwa twaomba wanachama watusome polepole, kwa maana ndipo fedha zinapopotea. Windows 11 yataka kumbukumbu isiyopungua GB 4, na diski isiyopungua GB 64. Yataka ubongo wa kompyuta uwe katika orodha ya kampuni, na kwa jumla kompyuta zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 aghlabu hazimo. Yataka pia kifaa kidogo cha ndani cha kuhifadhia funguo za siri, kiitwacho TPM, cha namna ya 2.0. Iko programu ya bure ya Microsoft iitwayo PC Health Check ambayo hutazama yote haya kwa dakika chache na kutoa jawabu. Sasa, hutokea mara nyingi kwamba jawabu ni "haifai", na mwenye duka akasema nunua mpya, kumbe kifaa cha TPM kimo ndani ila kimezimwa katika matengenezo ya kompyuta. Fundi hukiwasha, na kompyuta ikakubaliwa pale pale bila ya kununua hata msumari. Kwa hivyo tawi lolote lisikubali kauli ya "haifai" mpaka iandikwe katika daftari haifai kwa sababu gani.

Daftari likijaa, kompyuta hujigawa zenyewe mafungu matatu, kama tunavyochambua karafuu kwa daraja. Fungu la kwanza ni zile zilizo tayari, na hizi zikiwa na Windows 10 ya halali huhamishwa bila ya malipo kwa kampuni. Fungu la pili ni zile zinazotaka kurekebishwa kidogo, kuwashiwa TPM au kuongezewa kumbukumbu. (GB 4 ni kadiri ya kuingilia mlangoni tu, aliyeifanyia kazi atakwambia kwamba 8 ndiyo ya kukalia.) Fungu la tatu ni zile ambazo mwili wenyewe haukubaliwi.

Katika fungu la tatu ndimo mnamo mashauri. Njia moja ni kulipia viraka vya Windows 10. Bei iliyotangazwa kwa taasisi ilikuwa dola 61 za Kimarekani kwa kila kompyuta kwa mwaka wa kwanza, na kila mwaka unaofuata bei huwa mara mbili ya mwaka uliopita, mpaka miaka mitatu. Maana yake ni dola 61, kisha 122, kisha 244, jumla dola 427 kwa kompyuta moja, na mwisho wa hayo kompyuta ni ile ile nzee. Wala hapana ujanja wa kungoja, kwa maana anayeingia mwaka wa pili hudaiwa na mwaka wa kwanza pia. Sisi twaona njia hii yafaa kwa kompyuta moja au mbili ambazo haziwezi kuachwa mara moja, tena kwa mwaka mmoja tu.

Njia nyingine ni kutia mfumo wa bure wa Linux, ambao huridhika na mwili mzee. Jambo hili lawezekana, na wako waliolifanya kwa ukubwa usio na mfano. Jeshi la polisi la Ufaransa liitwalo Gendarmerie limehamisha makumi ya maelfu ya kompyuta. Lakini watazame walivyokwenda. Mwaka 2005 walibadilisha programu za kuandikia barua na hisabu tu, wakafuatisha za intaneti na za barua za kompyuta, huku msimamizi akiwa yule yule wa zamani. Makarani walipozoea programu hizo, ndipo mwaka 2008 walipoanza kumbadilisha msimamizi mwenyewe, na karani akaona kazi yake ya kila siku haikugeuka sana. Waliotaka kubadilisha vyote kwa siku moja wamepata makelele. Kwetu sisi kikwazo ni programu ya hisabu: ikiwa haikubali kukaa juu ya Linux, basi kompyuta yenye madaftari haihamishwi huko, ila ile ya kuandikia barua na matangazo yaweza.

Na ile ambayo haiwezi kuhama kabisa, kwa ajili ya mashine iliyofungwa nayo? Mahospitali yale ya England yalikuwa na mitambo ya kupigia picha za mwili ambayo ndani yake mlikuwa na Windows XP, na hospitali haikuwa na ruhusa wala njia ya kuigeuza. Dawa yake ni kuitenga. Kompyuta ya namna hiyo iondolewe intaneti, isiunganishwe na nyingine, ifanye kazi yake moja mpaka siku ya kuachwa.

Twaingia sasa katika nakala, na hapa hatutaki mtu apite haraka. Madaftari yote yanakiliwe mara mbili kabla ya kugusa chochote. Nakala moja ikae afisini na ya pili ilale nje ya jengo. Diski ya nakala ichomolewe baada ya kunakili, kwa kuwa virusi kama vile vya mwaka 2017 hufunga na diski iliyoachwa imechomekwa. Kisha nakala ifunguliwe katika kompyuta nyingine, na karani asome humo hisabu ya wanachama watatu au wanne alinganishe na asili yake. Nakala isiyopata kufunguliwa hatuihisabu kuwa ni nakala. Juu ya hayo twapendekeza salio la kila mwanachama lichapwe katika karatasi, tawi kwa tawi, kila mtu aje atazame jina lake na atie sahihi. Wengine watasema hii ni kurudi nyuma. Sisi twasema mwanachama mwenye michango ya miaka ishirini haimtoshi kuambiwa kwamba mambo yote yako salama ndani ya mashine.

Wakati wa kazi nao una maneno yake. Kila mtu ajua kwamba karafuu hazingojei. Zikiisha kuwa tayari na mkulima hana fedha za wachumaji, hufunua maua juu ya mti na thamani yake ikaishia hapo hapo. Mkopo wa uchumaji ukikwama siku kumi kwa sababu kompyuta ya mshika fedha imekataa kufunguka, khasara si ya afisi, ni ya mwenye shamba na wachumaji wake. Kwa hivyo hapana kompyuta yenye daftari la mikopo itakayoguswa tangu karafuu zinapoanza kukomaa mpaka msimu umalizike. Wala isifanywe katika siku za kufunga hisabu za mwaka.

Umeme nao wahitaji kufikiriwa. Kompyuta ikizimika katikati ya kuhamishwa yaweza kubaki isiyo ya mfumo wa zamani wala wa mpya. Sisi watu wa visiwani hatuhitaji kufundishwa khabari za umeme. Unguja ilikaa bila ya umeme wa bara karibu miezi mitatu, tangu Desemba 2009 mpaka Machi 2010. Kompyuta ya mezani ifungwe katika betri ya akiba, na ya mkononi iwe imejaa chaji na bado imechomekwa. Ama intaneti, hapana haja kila kompyuta iuvute mfumo mzima kwa kifurushi chake, kwa maana ni GB kadhaa. Huvutwa mara moja ukatiwa katika flashi yenye nafasi ya GB 8 au zaidi, na flashi hiyo ikazunguka matawi yote.

Mpangilio wetu ni huu. Itaanza kompyuta moja isiyo na daftari, ile ya barua. Kisha tawi moja dogo lenye karani mwepesi, wafanye duru nzima ya kazi: kupokea mchango, kutoa stakabadhi, kuandika mkopo, kuchapa orodha. Duru hiyo imalizike ndani ya siku 10, kwa sababu baada ya kuhama, Windows humpa mtu siku 10 za kurejea katika mfumo wa zamani kwa urahisi, kisha huyafuta mafaili ya zamani. Aliyekaa siku 11 ndipo akagundua kwamba mashine ya stakabadhi haichapi, njia yake ya kurudi ni ngumu. Yakisalimika hapo, yafuate matawi mengine mawili mawili, si yote pamoja. Kompyuta ya mshika fedha itakuwa ya mwisho kabisa.

Na awepo mtu mmoja, kwa jina lake, mwenye amri ya kusema "simama". Asiwe fundi, kwa kuwa fundi hupenda kumaliza alichokianza. Kamati imependekeza awe mshika fedha.

Makarani wapewe nusu siku ya kuzoea kabla ya watu kuja. Katika Windows 11 kitufe cha kuanzia kimehama kutoka pembe ya kushoto kikawa katikati, na mambo madogo madogo kama hayo yako mengi. Si makubwa, lakini karani anayetafuta kitufe huku watu thelathini wamepanga mstari kwenye jua huona dunia imemgeukia. Na kompyuta zitakazoachwa zisiuzwe wala kugawiwa skuli mpaka diski zake zifutwe kwa programu ya kufutia au zitolewe, maana kutia faili katika pipa la taka la kompyuta si kulifuta.

Pamoja na toleo hili kila karani wa tawi atapata karatasi za daftari, ukurasa mmoja kwa kompyuta moja. Zijazwe na zirejeshwe afisi kuu kabla ya mkutano ujao wa Kamati, na pale karani asipojua jawabu aandike "sijui" wala asibahatishe. Fundi atakuja kutazama. Orodha za salio zitabandikwa matawini baada ya hapo, na mwanachama atakayeona hisabu yake haikukaa sawa amwone karani na stakabadhi zake mkononi, kabla kompyuta ya tawi lake haijaguswa.